Bibi Aliyekalia Mabati ya Chekechea

Shomari alilichoka jembe kabla hata hajalishika vizuri. Alimaliza darasa la saba, majina ya waliochaguliwa sekondari yakabandikwa ukutani, la kwake halikuwemo, akarudi nyumbani Mkongoroni, huko mbele ya Dutumi, akapewa jembe siku hiyohiyo. Hakuna aliyempa pole. Mama yake alimwambia tu mpini umelegea, autie kabari.

Kutoka Mkongoroni kulikuwa na njia mbili. Moja ni kutorokea Dar, ukalale kwa ndugu Manzese mpaka huyo ndugu akuchoke. Ya pili ilikuwa ualimu. Ilikuwa mwaka sabini na nane, serikali imeshatangaza kila mtoto asome, madarasa yamejaa, walimu hawatoshi, ikawa inachukua hata vijana wa darasa la saba na kuwafundisha ualimu hukohuko kazini. Sharti lake kijana apendekezwe na kijiji chake. Na kijiji, kwa Mkongoroni, maana yake mjomba Kondo.

Kondo alikuwa kaka wa mama yake Shomari na mwenyekiti wa kijiji. Zamani alikuwa mtu wa kawaida. Tangu achaguliwe hakuna aliyemwona akicheka. Si kwamba alikuwa mkali, hapana. Aliona tu kwamba mwenyekiti akicheka kikao kitachelewa kwisha.

"Ualimu unautaka," Kondo alimwambia Shomari.

"Nautaka, mjomba."

"Wakubwa huwezi kuwafundisha kabla hujafundisha wadogo. Shika chekechea. Mabati yakipanda juu na bwana elimu wa wilaya akaja kukifungua kituo, nitakupendekeza mbele yake. Yasipopanda, shamba la kijiji lipo."

Shomari akashika chekechea. Kijana wa kiume mzima, ndevu zinaanza, anawapangusa makamasi watoto wa watu. Wenzake wakipita na majembe begani walikuwa wanamwamkia "shikamoo mama mlezi", naye alikuwa anaitikia marahaba, maana afanyeje.

Sasa hiyo chekechea yenyewe ilikuwa hivi. Serikali ilitaka akina mama waende shamba la kijiji bila watoto migongoni, kwa hiyo kila kijiji kiwe na kituo cha watoto wadogo. Utaratibu ulikuwa kijiji kisimamishe ukuta kwa nguvu zake, serikali ilete mabati na misumari, halafu kituo kikishafunguliwa ilete unga na maziwa ya unga kwa ajili ya uji. Bila ukuta hupati bati. Bila bati kituo hakifunguliwi. Kisipofunguliwa hakuna unga, na pasipo unga mtoto gani atakuja akae kutwa nzima kwenye gunia anaimbishwa? Mkongoroni walisimamisha ukuta wa matofali mabichi, fundi Zahoro akaweka kenchi za miti za kubebea paa, wakakaa kungoja. Mambo yote wakati ule yalitoka Kisarawe, na Kisarawe ni mbali. Walingoja mpaka mbuzi wakaanza kulala ndani ya kituo.

Siku mabati yalipokuja, ndiyo siku waliyokuwa wanamzika Mzee Jumbe.

Mzee Jumbe alikuwa baba yake Kondo, babu yake Shomari, na mtu mzima kuliko wote kijijini. Alikufa vizuri, usingizini. Mchana baada ya sala wanaume wote walifuata jeneza kwenda makaburini. Wanawake, kama ilivyo desturi, walibaki ndani wanalia. Watoto walikuwa wamefungiwa uani kwa Mwamini, jirani, wasije wakapita mbele ya maiti. Hapo nje hakukuwa na mtu hata mmoja, isipokuwa Bi Marselina.

Bi Marselina alikuwa Mnyamwezi wa Magindu. Babu yake alishuka na misafara ya zamani, kabeba mzigo wa watu kichwani kutoka bara, alipoona pwani imekaribia na kurudi ni mbali akaamua yeye ndiyo amefika. Wanyamwezi na watu wa huku ni watani toka hiyo misafara. Mtani akija msibani ana ruhusa ya kufanya atakalo. Atamwigiza marehemu anavyokohoa. Atajilaza njiani jeneza lisipite. Atachukua sufuria ya wali aikalie. Hakasirikiwi. Kazi ya mfiwa ni kumkomboa kwa kile anachokitaka, huku akicheka hata kama moyo hautaki, mambo yaishe. Asipomkomboa, matanga hayaanuliwi na msiba unahesabiwa bado upo.

Bi Marselina hakuwahi kukosa msiba. Watu walikuwa wanasema anasikia harufu ya kifo tangu mtu anapoanza kukataa chakula.

Basi lori la wilaya linaingia, limejaa vumbi, dereva anashuka, anakuta kijiji kitupu na bibi mmoja mnene kajitanda kaniki, kashika mkongojo wa marehemu, anakohoa kama mwanamume.

"Shikamoo mama. Mwenyekiti yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko kaburini."

"Pole sana. Nani sasa anapokea?"

"Mimi hapa."

Dereva alikuwa na haraka, alitaka awahi Mlandizi kabla petroli haijaisha kituoni. Akashusha mabati pale mbele ya ukuta, akatoa karatasi ya kupokelea, na kidau cha wino. Bi Marselina akatia dole gumba. Lori likaondoka. Bi Marselina akatandika khanga juu ya mabati ya serikali, akakaa.

Wanaume waliporudi wakamkuta hapo.

"Haya, wafiwa," akasema. "Nimeteka."

Watu wakacheka, kwa kweli walikihitaji kicheko hicho. Hata mama yake Shomari alitoka ndani na macho mekundu, akamtazama bibi, akaficha uso kwenye upande wa khanga mabega yakimtikisika. Mtu mmoja akasema apewe kuku yaishe.

"Kuku sitaki," Bi Marselina akasema. "Marehemu alinilia kuku zangu mpaka jogoo wangu akawa anajichinja mwenyewe akimwona. Namtaka Kondo. Huyu Kondo mimi nimemjua akiwa hivi," akapima kwa mkono chini kabisa, "mama yake anaanika kigodoro kila asubuhi, mpaka anaingia jandoni bado kinaanikwa. Kondo Kikojozi. Aje hapa, akae chini kwenye gunia la watoto, nimwite hilo jina aitikie. Akiitika nanyanyuka. Asipoitika, mimi hapa nimehamia."

Wote wakamgeukia Kondo. Ilibaki neno moja tu, labda na tabasamu dogo.

Kondo alikuwa bado na udongo wa kaburi mikononi. Akavaa kofia.

"Bi Marselina," akasema, "utani naujua. Ungekalia sufuria ningekuja. Hayo ni mabati ya serikali, na mimi ni mwenyekiti. Mwenyekiti hawezi kuitwa kikojozi mbele ya mali ya serikali. Tafadhali nyanyuka."

Kicheko kikakatika. Bi Marselina akageuza mkongojo wa marehemu, akaulaza magotini, akaanza kukohoa.

Jioni ile Shomari alimfuata peke yake.

"Bibi, acha nikukomboe mimi. Mimi ni mjukuu wa marehemu, damu yake kabisa. Niite kikojozi, niite chochote, niitikie, yaishe."

"Wewe mjukuu ulikuwa unamtania babu yako kila siku. Mtani anamkomboaje mtani mwenzake? Nimemtaka mtoto wake."

"Lakini bibi, mabati haya yasipopanda mimi narudi shamba."

"Kwani shamba kuna nyoka?"

"Bwana elimu anakuja Alhamisi ijayo."

"Aje. Na yeye atanikuta."

Kesho yake Kondo aliitisha kikao. Ajenda ya kwanza ilikuwa bibi aliyekalia mabati. Ajenda nyingine hazikufikiwa. Fundi Zahoro alisema yeye kenchi zake ziko tayari, asilaumiwe. Mzee mmoja akauliza kama mabati yakiwa chini ya mtani bado ni ya serikali au ni ya msiba. Walijadili hilo mpaka adhuhuri. Mwisho ikapitishwa kwamba Mfaume, mgambo wa kijiji, aende akamwondoe kwa adabu.

Mfaume akaenda na kofia yake ya mgambo na mkanda. Bahati mbaya Mfaume naye alikuwa ukoo wa marehemu, kwa hiyo mfiwa. Akarudi hana kofia.

"Iko wapi?" Kondo akauliza.

"Ameikalia."

"Na mkanda?"

Mfaume akashika suruali yake vizuri. "Na mkanda."

Baada ya hapo hakuna aliyetumwa tena.

Usiku watu walidhani bibi ataondoka akalale. Hakuondoka. Wanawake wa msibani walimpelekea mkeka na chakula, maana mtani ni mgeni wa msiba na mgeni halali njaa, hata kama ni yeye anayewatesa. Kwa hiyo kijiji kilekile kilichomtaka aondoke ndicho kilichomlisha, tena vizuri. Alikuwa anarudisha mboga isiyo na nazi.

Halafu wingu likaanza kukusanyika upande wa Ruvu. Usiku wa Ijumaa mvua ikanyesha, si kubwa, mvua ya kujaribu tu. Asubuhi pembe moja ya ukuta wa kituo ilikuwa imelegea kama ugali uliozidi maji. Fundi Zahoro akaibonyeza kwa kidole, kidole kikaingia.

"Ikinyesha kama hii mara mbili, tatu," akasema, "nitakuwa nimeezeka tope."

Shomari akaiangalia pembe ile. Aliona shamba la kijiji, mstari mrefu wa mihogo, na mgongo wake mwenyewe umeinama katikati, mpaka uzee. Akaenda uani kwa Mwamini akawachukua watoto, waliokuwa wanashinda huko tangu msiba.

Hakuwa na mpango wowote wa akili. Chekechea ilikuwa inasomewa pale mbele ya ukuta siku zote, magunia yanatandikwa kivulini, na bibi alikuwa amekaa palepale. Ama awafundishe mbele yake au asiwafundishe. Akatandika magunia.

Siku ya kwanza Bi Marselina alitazama tu. Shomari akawaimbisha wimbo aliouandaa kwa ajili ya bwana elimu, unaohusu kilimo na umoja, na watoto waliuimba kama wanaumwa. Katikati ya wimbo mtoto mmoja akalowesha gunia. Shomari akasimama hajui ashike wapi.

"Wewe mama mlezi," bibi akasema. "Usimtazame hivyo, atalia. Lete hapa."

Akamshika yule mtoto, akamgeuza, akamfundisha kulikunja gunia na kuliweka juani. Halafu akaligeuza jambo lile kuwa mchezo. Akapiga makofi, akauliza, "Nani kalowesha gunia?" Watoto wakataja jina. "Yupi huyo?" Wakataja la baba. Aliyetajwa anatakiwa asimame aseme, "Ni mimi, nimeshafua, nimeshaanika," wenzake wanampigia makofi, anakaa, mchezo unaendelea. Asiposimama, hakuna anayeendelea. Wanangoja, kimya, mpaka aseme.

Watoto waliupenda kupita kiasi. Kufikia siku ya pili hata asiyelowesha alikuwa anataka atajwe. Walimtaja Mwanajuma wa kwa Kondo, akasimama akasema. Wakamtaja Mfaume mgambo, ambaye alikuwa anapita huku kashika suruali, akasema haraka na kwenda zake. Wakamtaja Shomari. Shomari akasimama akasema nimeshafua, nimeshaanika, na akina mama waliokuwa wanarudi kisimani wakaweka ndoo chini ili wacheke vizuri.

Wakaanza kumtaja Kondo. Hakuwepo. Watoto wakangoja, hakuna aliyesema, bibi akawaambia basi, huyu atakuja siku nyingine, tuanze upya.

Shomari aliliona hilo. Angeweza kulikataza, hakulikataza. Alijisemea moyoni kwamba watoto hawa wanajifunza kwa vitendo.

Habari zilifika kwa Kondo kupitia kwa Mwanajuma mwenyewe, mtoto wake wa mwisho, wakati wa chakula. Alipiga makofi, akauliza nani kalowesha gunia, akajijibu ni baba, kisha akaacha kula akawa anamtazama. Mkewe Kondo akatoka nje kuangalia kama kuna wingu. Asubuhi Kondo akamwita Shomari barazani.

"Unafundisha nini pale?"

"Usafi, mjomba."

"Usafi gani wenye jina langu?"

"Wanataja kila mtu. Hata mimi nimetajwa."

"Wewe si mwenyekiti."

"Siyo, mjomba. Lakini si uende tu dakika moja. Watu wenyewe ni hawahawa. Nani asiyejua kama ulikuwa—"

"Kama nilikuwa nini?"

"Mdogo," Shomari akasema.

Kondo alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini, siyo ya kikaoni.

"Baba alikuwa akinitania hilo mpaka mwaka jana. Mbele ya wajumbe. Nilimwambia aache, mimi sasa nina cheo. Akaacha. Tangu hapo hakunitania tena, na mazungumzo mengine hatukuwa nayo." Akaiweka kofia sawa. "Nenda kawafundishe kilimo."

Shomari akaenda akawafundisha kilimo. Waliimba kama wanaumwa.

Alhamisi Land Rover ya wilaya ikafika, na bwana elimu akashuka. Aliitwa Onesmo, mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye suti ya Kaunda iliyonyooshwa pasi mpaka mistari yake inaweza kukukata. Hakuwa na mtani hata mmoja katika mkoa mzima wa Pwani. Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika. Aliwasalimu, akatoa pole ya msiba kwa utaratibu, akautazama ukuta, akazitazama kenchi tupu, akayatazama mabati. Halafu akamtazama bibi juu ya mabati.

"Mwenyekiti, haya mabati mbona hayajapanda?"

Kondo akamtazama bibi.

"Na mama huyu ni nani?"

"Mimi ndiye niliyepokea," Bi Marselina akasema. "Tazama kwenye karatasi zako, kuna dole langu."

Onesmo akafungua mkoba, akatazama. Dole lilikuwepo. "Ni kweli. Mwenyekiti, mama huyu ni mtumishi wa kituo?"

"Hapana, ndugu."

"Ni mjumbe?"

"Hapana. Ni wa Magindu."

Onesmo akavua miwani akaifuta. Alikuwa mtu mpole, hakuwa anatafuta ugomvi. Ni kwamba kila kitu lazima akiweke mahali pake.

"Sasa nisaidieni. Mali ya serikali imepokelewa na mtu asiyehusika, na sasa anaikalia. Hapo kuna mambo mawili tu. Kama mnamtambua, niambieni kwa lipi. Kama hammtambui, basi ni mwizi, nitapita polisi Mlandizi, na haya mabati yatachukuliwa yawe kidhibiti mpaka kesi iishe."

"Kesi inachukua muda gani?" fundi Zahoro akauliza.

"Inategemea."

Watu wote wakalitazama wingu, kisha ukuta. Kumtambua ilikuwa kazi ya sentensi moja: ni mtani wangu, nimefiwa. Lakini ukishalisema hilo huwezi tena kumwacha hapo, lazima umkomboe palepale. Kondo alilijua. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kofia. Shomari alimwangalia mjomba wake usoni akaona kabisa lile neno lingine linakuja, mwizi, limeshafika kwenye meno.

Akashtuka akawageukia watoto, waliokuwa wamepangwa kwenye magunia mbele wamevalishwa nguo za Idi.

"Watoto," akasema kwa sauti, "mwimbieni mgeni."

Alimaanisha ule wa kilimo. Aliapa baadaye kwamba alimaanisha ule wa kilimo. Lakini hakuutaja, na watoto wakiambiwa waimbe bila kutajiwa wanaimba wanaoupenda. Wakapiga makofi.

"Nani kalowesha gunia?" akaanza Mwanajuma, maana siku hizo yeye ndiye aliyekuwa kiongozi.

"Kondo!"

"Kondo yupi?"

"Mwenyekiti!"

Wakanyamaza. Wakamgeukia wote pamoja, wakakaa kungoja.

Shomari alitamani ardhi immeze, na jembe lake juu yake. Onesmo akasimama na miwani mkononi, akawatazama watoto, akamtazama mwenyekiti, akiona waziwazi kwamba kuna kitu kinachongojwa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa elimu na mchezo ulikuwa haujaisha, naye akangoja.

Kondo akatazama kundi la watu. Hakuna aliyemcheka. Mbele kabisa mwanawe alikuwa amekaa mikono magotini, anamtazama kwa subira tu, bila dharau, kama anavyomtazama mtoto mwenzake aliyesahau maneno. Watoto hawana haraka. Wangeweza kukaa hivyo mpaka magharibi.

Kondo akavua kofia. Akasogea mbele, akavuta suruali juu kidogo kwenye magoti, akakaa kwenye gunia kati ya Mwanajuma na mtoto wa Mwamini. Halafu akanyanyuka tena, maana mchezo ndivyo ulivyo, lazima usimame.

"Ni mimi," akasema. "Nimeshafua." Akakohoa. "Nimeshaanika."

Watoto wakampigia makofi. Kaa chini, wakamwambia. Akakaa.

"Kondo Kikojozi," Bi Marselina akaita kwa upole kabisa.

"Naam," Kondo akaitika.

Kutoka kwenye kundi kikatoka kicheko kimoja, kikubwa, cha ghafla, kama mtu aliyepaliwa. Kilikuwa cha Shomari. Aliziba mdomo kwa mikono yote miwili na kikapenya puani. Ndipo wengine wakafuata, Zahoro akashika nguzo, mama yake Shomari akaketi chini palepale, na mjane wa Mzee Jumbe, ambaye hakuwa amesema kitu tangu maziko, akasema, "Hata baba yenu alikuwa hivyohivyo, godoro lake nilikuwa nalianika mimi," na hapo hapakukalika tena.

Bi Marselina akanyanyuka. Ilichukua muda, alikuwa ameganda magoti. Akakunja khanga yake, akamrudishia Mfaume kofia iliyokuwa imelala kama chapati, na mkanda wake, akaegemeza mkongojo kwenye ukuta.

"Sasa kazikwa," akasema. "Pigeni misumari."

Fundi Zahoro alikuwa juu ya kenchi kabla bibi hajamaliza kunyooka.

Onesmo alikuwa ameweka miwani yake machoni, anafikiri. Akamwita Shomari kando.

"Wewe ndiye mwalimu."

"Ndiyo, mzee."

"Huu wimbo unafundisha nini?"

"Usafi, mzee. Na kusema ukweli."

Onesmo akatikisa kichwa polepole. "Nimeshapita vituo vingi. Sijaona mwenyekiti akishiriki masomo namna hii." Akamwita Kondo, aliyekuwa amesimama pembeni anapangusa suruali, kofia bado mkononi. "Ndugu mwenyekiti, mabati yakimaliza kupanda leo, mimi kituo nakihesabu kimefunguliwa, unga nitauleta. Ulisema kuna kijana utampendekeza ualimu. Ndiye huyu?"

Shomari akatazama chini. Bado kicheko kilikuwa kinamchezea mbavuni, akakibana.

Kondo akamtazama mpwa wake. Alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia miguuni.

"Wewe ndiye uliyeanza kucheka," akasema.

"Ni mimi, mjomba."

Juu ya kenchi bati la kwanza lilikuwa linagongwa. Kondo akavaa kofia, akaiweka sawa, akamgeukia bwana elimu kwa sauti yake ya kikaoni, ile inayosikika mpaka nyuma.

"Ndiye huyu. Nampendekeza. Kijiji kinampendekeza. Ni kijana mwepesi, watoto wanamsikia, anajua kazi." Akamtazama tena Shomari. "Na kama wilaya ina shule iliyo mbali sana na hapa, ile ya mbali kuliko zote, basi kijiji kingeomba apelekwe hiyo."

"Tunazo," Onesmo akasema.

"Lini?"

"Akitaka, aje na gari hili."

Shomari akaenda nyumbani kuchukua nguo. Mama yake alikuwa bado amekaa chini mbele ya kituo, anapangusa macho kwa upande wa khanga, na alipoambiwa alimwuliza mara mbili ni shule gani. Shomari alisema hajui, haijatajwa. Alirudi na kifurushi, akapanda nyuma ya Land Rover, na ilipoanza kuondoka watoto waliacha kutazama paa wakamkimbilia mpaka njia panda, wakimwita mama mlezi, mama mlezi. Alinyoosha mkono akawaitikia marahaba.